Ramli imo katika swali, si katika karata

Ndugu Mhariri,

Majuma mawili yaliyopita, katika ukurasa huu wa barua, msomaji mmoja alilalamika kwamba vijana wa mijini wameanza kuchezea karata za taroti, zile za picha ambazo wengine huzitumia kutabiri, wanazoziona kwenye simu. Akaziita ramli ya kizungu na kuwataka wazazi wazichome moto. Naandika kumjibu, si kwa sababu amekosea yote, maana katika jambo moja kubwa amesema kweli, bali kwa sababu ameilaumu karatasi na kuliacha swali bila lawama. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili hapa Mbale, mashariki mwa Uganda. Kwa miaka mingi nilibebeshwa pia kazi ya ushauri nasaha shuleni, na tangu nistaafu nakutana kila Alhamisi jioni barazani kwangu na watu saba au wanane, Wagisu, Waiteso, Wagwere na Mnubi mmoja, ambao lugha inayotuunganisha ni Kiswahili. Tunazitumia karata hizo kwa mpango tulioubuni wenyewe, yaani namna ya kuzitandaza, kila nafasi na swali lake, ili kila mmoja ajitazame. Sitabiri. Sipokei hata shilingi. Sanasana wananimalizia sukari.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Anayekwenda kwa mpiga ramli huenda kuuliza lililofichika nje yake: nani ameniroga, mume atarudi lini, ng'ombe wangu yumo katika zizi la nani. Ramli ni neno la Kiarabu lenye maana ya mchanga, ambamo alama zilichorwa kwa kidole na kusomwa, na dini zetu zimelikataza jambo hilo waziwazi. Waislamu wanayo aya ya 90 ya Sura ya Al-Maida, na Wakristo wanayo Kumbukumbu la Torati 18:10. Sina ugomvi na katazo hilo, nami nalishika. Ninachosema ni kwamba karata ileile ikiwekwa mbele ya swali la namna nyingine haiwi ramli tena, kama ambavyo mchanga uleule wa mpiga ramli ndio wengi wetu tuliojifunzia kuandika a, e, i, o, u chini ya mwembe.

Msomaji huyo aliandika pia kwamba taroti ni siri ya makuhani wa Misri ya kale. Hiyo ni hadithi, na mwenye kuieneza anajulikana: ni Mfaransa Antoine Court de Gébelin, aliyeichapisha mwaka 1781, wakati ambapo hapakuwa na mtu aliyeweza kuyasoma maandishi ya Misri ya kale, kwani mtaalamu wa lugha Champollion hakuyafumbua mpaka 1822. Karata zenyewe zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, zikiwa mchezo tu, na kwa muda wa miaka mia tatu hivi wengi wa waliozishika walikuwa wachezaji, kama vijana wetu wanavyozishika karata za mchezo wa matatu penye kivuli cha duka. Hesabu yake si ngumu. Chukua karata 52 za kawaida, ongeza mpanda farasi mmoja kwa kila aina, utapata 56. Ongeza karata 22 za picha, kuanzia Mpumbavu hadi Dunia, utapata 78. Na zile aina nne si ngeni kwa msema Kiswahili hata kidogo, kwa kuwa majina yake tuliyapokea kutoka kwa Wareno: kopa ni kikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni upanga, na pau ni gongo. Vikombe, sarafu, panga na magongo ndizo aina nne za taroti. Mnubi wetu, mchezaji hodari ambaye ametupa shupaza mezani maisha yake yote, alikataa kuliamini jambo hilo mpaka nilipomfungulia kamusi.

Picha tunazozitumia zilichorwa na Pamela Colman Smith chini ya maelekezo ya Arthur Edward Waite, zikatolewa London mwaka 1909. Sisi tumetoa nakala zake na kuzibandika juu ya vipande vya maboksi ya biskuti.

Sasa nije kwenye mpango wenyewe, ambao msingi wake ni fikra za Carl Gustav Jung, daktari wa akili wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1875 na kufariki 1961. Wakazi wengi wa Mbale hawajui kwamba mtu huyo alipita hapa. Mwishoni mwa mwaka 1925 alikuja Afrika Mashariki na wenzake wachache, kwa safari iliyopewa jina rasmi la Msafara wa Kisaikolojia wa Bugishu. Wakakaa katika miteremko ya mlima Elgon, ambao Wagisu tunauita Masaba, wakavuka upande wetu, kisha wakaushuka mto Nile kupitia Sudan hadi Misri. Alikuwa amejifunza Kiswahili cha kubahatisha, akawa anaketi na wazee kuwauliza juu ya ndoto zao. Katika kumbukumbu za maisha yake anasimulia kwamba mzee mmoja aliyekuwa mganga alimjibu kwa huzuni kuwa babu yake alikuwa akiota ndoto za maana, lakini tangu Wazungu waje hakuna anayeota tena, kwa kuwa Waingereza sasa wanajua kila kitu.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, na naliona ndilo kiini cha ninachotaka kumwambia msomaji wenu. Mtu akishaamini kwamba yuko mwingine anayejua kila kitu kwa niaba yake, awe mkuu wa wilaya, mpiga ramli, au karata iliyofunikwa, basi kile kilichokuwa kikisema ndani yake hunyamaza. Mpango mbaya wa karata humnyamazisha mtu. Mpango mzuri humlazimisha aseme, na tofauti kati ya hiyo miwili haiko kwenye picha bali iko kwenye nafasi ambazo picha zinawekwa, yaani maswali.

Nilijifunza hayo kwa kosa langu mwenyewe. Nilianza na mpango ambao Waite aliuchapisha mwaka 1910, unaoitwa msalaba wa Kikelti, wenye nafasi kumi, na nafasi yake ya kumi ni ya kile kitakachotokea. Jioni moja mwalimu mwenzangu, ambaye mama yake alikuwa amelazwa hospitali, alifunua nafasi ya kumi akakuta karata ya 13, Kifo: mifupa imevaa deraya nyeusi, yaani vazi la chuma la vitani, juu ya farasi mweupe. Nikamwonyesha jua linalochomoza nyuma yake kati ya minara miwili, nikamweleza kwamba wachambuzi huichukulia karata hiyo kuwa ya mabadiliko, lakini maneno yangu hayakumfikia tena. Siku tano mfululizo alilala na simu kifuani, na kila ilipolia alikaa kwanza kitandani akaitazama kabla hajaipokea. Mama alipona, akarudi nyumbani, na hadi leo anauza ndizi zake sokoni. Lakini siku tano zile nilimpa mimi, na hapo ndipo msomaji wenu amesema kweli kabisa. Niliifuta nafasi ya kumi, na pamoja nayo kila nafasi iliyouliza juu ya kesho au juu ya mtu ambaye hayupo barazani.

Zilizobaki tulizijenga upya zikawa tano. Jung alifundisha kwamba katika kina cha binadamu zimo sura kongwe alizoziita arketipu, ambazo hazirithiwi kama picha zilizokamilika bali kama mikondo ambayo kila taifa huijaza kwa picha zake, na ndiyo maana ngano za mbali hufanana. Tumechukua nne zikae kwenye duara, na ya tano katikati, kwa kuwa yeye mwenyewe, alipokuwa msimamizi wa wanajeshi Waingereza waliozuiliwa huko Château-d'Oex, Uswisi, katika miaka ya 1918 na 1919, alikuwa akichora duara katika daftari kila asubuhi, akaja kuliona kuwa mfano wa nafsi nzima. Tunatumia zile karata 22 za picha peke yake, na iliyotoka kichwa chini tunaigeuza papo hapo, kwa sababu karata iliyopinduka huwa imeshatoa hukumu kabla mtu hajafungua kinywa.

Nafasi ya kwanza tunaiita Barakoa. Jung alitumia neno la Kilatini persona, ambalo ni kinyago alichovaa mwigizaji jukwaani, na tangu siku za korona hakuna haja ya kumfafanulia mtu barakoa ni nini. Karata ya nafasi hii haichotwi. Mtu hutandaziwa zote 22 zikiwa wazi, akachagua kwa macho, kwa kuwa uso tunaouonyesha watu tumeuchagua wenyewe. Mshonaji mmoja wa gomesi, mama wa makamo, alikaa muda mrefu akaichukua karata ya 9, mzee wa upweke aliyesimama kileleni na fimbo na taa. (Ile theluji iliyo chini ya miguu yake yeye aliiona pamba.) Nilidhani atasema mzee yule ana hekima, maana vitabu vyote husema hivyo. Akasema: "Huyu anawamulikia wengine. Miguu yake mwenyewe iko gizani." Nikamwuliza, siku gani? Akajibu bila kusita kwamba ilikuwa Jumanne, mtoto wa dada yake alipokuja kuomba karo, naye akampa yote iliyokuwamo kwenye kopo la cherehani, akacheka naye na kumsindikiza hadi barabarani, kisha usiku akaenda kubisha kwa jirani kukopa kodi ya kibanda. Hakuna mtu barazani aliyekuwa akijua kwamba hukopa. Sote tulikuwa tumeshawahi kumwomba.

Lile swali la "siku gani" ndilo nguzo ya mpango wote, na naomba nilieleze kidogo, kwa kuwa bila hilo msomaji wenu angekuwa na haki ya kutucheka. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini kwamba ameandikiwa yeye binafsi; wakayapima kwa kipimo cha 0 hadi 5, na wastani ukawa zaidi ya 4. Wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yaleyale, ambayo sehemu kubwa Forer aliyatoa katika kitabu cha nyota. Maneno kama "una nguvu ambazo hujazitumia" humwenea kila mtu kama kanzu ya kuazima. Basi sisi tulikubaliana kwamba jibu lisilo na siku, mahali, au neno lililotamkwa na mtu fulani halihesabiki, na mwenye karata atarudia mpaka alipate, au aseme kwamba leo hana. Kusema "leo sina" hakumshushii mtu heshima.

Nafasi ya pili ni Kivuli, ambacho kwa Jung ni yale yote mtu aliyoyakataa ndani yake na ambayo mara nyingi huyaona kwa wengine. Napenda jinsi Kiswahili kilivyolitunza neno hili, kwa maana kivuli ni ile sura nyeusi inayotufuata, na pia ni mahali pa kukimbilia jua linapochoma. Jung naye alisisitiza kwamba kivulini hamna uovu peke yake. Karata hii huchotwa bila kutazama, kinyume cha Barakoa, na swali lake ni hili: ni tabia gani ya mtu mwingine inayokuchemsha damu kuliko inavyostahili, na wewe uliifanya lini? Mara yangu ya kwanza nilichota karata ya 11, Haki, nikafurahi kwa siri, kwani mimi ni mtu wa kupiga kelele juu ya maofisa wanaopendelea jamaa zao. Kisha likaja lile swali la siku gani. Ilikuwa mwaka 1998, katika shule ambayo sitaitaja, nilipopewa orodha ya wanafunzi wa kusamehewa karo niipange, nami nikampandisha mpwa wangu kutoka nafasi ya saba hadi ya tatu. Yule aliyeshushwa aliacha shule muhula uliofuata. Sijawahi kulisema hilo kwa mtu kwa zaidi ya miaka ishirini, na kazi yangu ilikuwa kuwanasihi watoto.

Nafasi ya tatu Jung angeiita anima au animus, mwanamke aliyemo ndani ya mwanamume na kinyume chake. Hapa nakiri kwamba tumemwacha mzee njiani, maana mengi aliyoyasema juu ya wanawake yalikuwa ya zama zake. Tumebakisha swali tu, tukaiita nafasi hiyo Mwenza: ni kitu gani uliambiwa utotoni kwamba si cha mvulana, au si cha msichana, ukakitupa? Kijana mmoja wa bodaboda alipata karata ya 8, mwanamke anayefumba kinywa cha simba kwa mikono mitupu. Wote walitazamia aseme yeye ni simba. Akanyamaza, kisha akasimulia juu ya mwaka wake wa imbalu, yaani tohara ya vijana wa Wagisu, jinsi alivyosimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho kama inavyotakiwa, na jinsi tangu siku ile asivyoweza kulia hata alipomzika mtoto wake. Hatukuongeza neno. Chai ilipoa.

Ya nne ni Sungura. Jung aliandika juu ya mjanja wa ngano, yule anayewahadaa wakubwa kisha akanaswa na hila yake mwenyewe, na nani asiyemjua hapa kwetu? Waganda wanamwita Wakayima, na kila msomaji wa Kiswahili amekua na Sungura na Abunuwasi. Kwa kuwa hakuna anayeiona hila anayojifanyia mwenyewe, karata hii huchaguliwa na jirani aliyeketi kushoto kwako. Jirani huchagua, lakini haelezi kwa nini. Mdomo wake umefungwa, na mwenye nafasi ndiye anayejieleza. Sheria hiyo tuliifikia baada ya magombano mawili.

Ya katikati ni Nafsi. Huwekwa ya kwanza kabisa, imefunikwa, na kufunuliwa mwisho, baada ya zile nne kusemwa. Haina swali la siku. Mtu huitazama tu pamoja na zile zinazoizunguka, akasema neno moja au akanyamaza, na sehemu kubwa hunyamaza.

Msomaji wenu atauliza kwa nini tusifanye hayo bila karata, kwa mazungumzo tu. Nimejaribu, nilipokuwa mshauri shuleni, na mtoto uliyemketisha mbele yako ukamwuliza "una shida gani" hukujibu "sina, mwalimu". Picha inawapa watu wawili kitu cha tatu cha kutazama. Hermann Rorschach, Mswisi mwingine, alilitumia jambo hilo mwaka 1921 kwa madoa kumi ya wino ambayo hayakuwa na maana yoyote. Jung mwenyewe alifika mbali zaidi, akadai kwamba bahati inayoleta karata fulani ina uhusiano wa maana na mtu aliyeichota. Hapo simfuati, wala sihitaji kumfuata. Kwangu bahati ina kazi moja, nayo ni kumnyima mtu nafasi ya kuandaa hotuba.

Iko mipaka pia. Watoto hatuwapokei. Mtu anayesikia sauti, asiyelala kwa majuma, au anayezungumzia kujiua, hakai kwenye duara letu; tunampeleka hospitali yenye kitengo cha afya ya akili, na kama ni lazima aende hadi Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, mmoja wetu humsindikiza. Na ambaye imani yake haimruhusu kuigusa karata ya aina yoyote hashurutishwi. Sheikh mmoja jirani yangu hutumia nafasi zetu tano kwa methali alizoziandika kwenye vipande vya karatasi, na zinafanya kazi vilevile.

Ombi langu, Mhariri, ni kwa wasanii wanaolisoma gazeti hili. Kaizari wa Smith, minara yake na theluji yake vinatuchelewesha, maana robo ya jioni huishia kwenye kueleza deraya ni nini. Ningependa kuona Kivuli kikichorwa kama Walumbe, yaani Kifo wa hadithi ya Waganda, anayejificha chini ya ardhi, na ndugu yake Kayikuuzi akichimba kumfuata. Barakoa iwe uso wa kijana wa imbalu uliopakwa unga wa mtama. Sungura awe Sungura. Tano za kwanza zikipatikana, hizo 17 nyingine tutazingoja. Atakayekuwa tayari anaweza kunipata kupitia ofisi yako, au afike barazani Alhamisi baada ya saa kumi na moja.

Mwalimu mstaafu,
Mbale